Mbele Hapana Fungua

Mwezi uliopita, saa tisa mchana, binti ya Fundi Jaswant alinipigia simu kutoka Uingereza kuniambia baba yake amefariki. Niliuliza alikuwa na miaka mingapi. Akasema themanini na mbili. Simu ilipokatika nilihesabu kwa vidole nikapata themanini na tatu, nikahesabu tena nikapata hiyo hiyo, na nikajikuta nimemkasirikia yule mama kwa kumpunja babake mwaka mzima. Kisha nikafunga duka, jambo ambalo silifanyi saa tisa hata nikiwa na malaria, nikakaa ndani kati ya redio na majiko ya stima ya watu, nikaukumbuka mwaka niliofanya kazi na yule mzee. Ulianza Aprili 2007 ukaisha mwanzoni mwa Februari 2008. Ni miezi kumi na moja, ukihesabu wa mwanzo na wa mwisho, lakini mimi huuita mwaka.

Wakati huo sikuwa na duka. Nilikuwa na meza, mwavuli na viti viwili, kimoja cha mteja na kingine cha mteja aliyechoka kubishana. Nilinunua vyombo vya stima vilivyotumika: redio, kamera, deki za video, chochote chenye waya. Kanuni ya meza zetu zote pale ilikuwa moja, na hakuna aliyeiandika: kitu hakinunuliwi bila kufunguliwa. Tulikuwa tumeuziwa simu iliyojazwa kipande cha sabuni ya kufulia na redio yenye jiwe lililofungwa kwa gazeti ili ipate uzito. Nami nilikuwa nimejiongezea kanuni ya pili: mteja akikwambia usifungue mahali fulani, anza hapo. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nilipanga chumba kimoja mtaa wa Rhonda, Nakuru, na jioni niliongea na redio niliyokuwa nikiitengeneza. Ilipopona niliiuza, nikaanza kuongea na nyingine.

Fundi Jaswant alikuja na mkebe umefungwa kwa taulo, kama mtu aliyebeba mtoto kutoka kliniki. Watu wa mtaa walimwita Kalasinga wa Friji. Maisha yake yote alikuwa amepoza vitu: matangi ya maziwa kule Subukia, vyumba baridi vya maua karibu na Kamere, mafriji ya bucha zote za mjini. Alikuwa amestaafu, mke alikuwa ameshakufa, na karakana yake ilibaki na mzee mmoja, mitungi ya gesi, na darubini juu ya paa.

“Beta, iko adapta ya voliti kumi na mbili, ampea tano?” Beta kwao ni mwanangu.

“Iko, mzee. Ya kuwasha nini?”

Akafunua taulo. “Kamera.”

Niliigeuza mara mbili. Ilikuwa mkebe wa alumini, saizi ya kopo la mafuta ya kupikia la kilo moja. Haikuwa na lenzi, wala kioo cha kutazamia, wala kitufe cha kupigia. Nyuma ilikuwa na mapezi ya chuma na feni ndogo. Mbele kulikuwa na kidirisha cha mviringo, na nyuma yake kipande cheusi kama stempu ya barua.

“Mzee, hii umeuziwa pampu ya maji.”

“Wewe hapana cheka. Mtoto ya ndugu yangu, Balbir, ametoa hii Uingereza. Lenzi ni darubini yenyewe. Kitufe iko kwa kompyuta.” Akagonga kidirisha kwa ukucha. “Hii nyeusi ndio jicho. Jicho ikipata joto inaona vitu hakuna. Sasa hapa ndani iko kisahani, upande moja baridi, upande ingine moto. Feni inatupa moto nje. Watu nafikiri friji inatengeneza baridi. Hakuna kutengeneza baridi, beta. Iko kuhamisha moto tu.”

Tulibishana bei ya adapta kwa dakika ishirini, nikashinda, na nilipoona alivyokuwa akitabasamu nikashuku kwamba alikuwa ameshinda yeye. Kumbe hakuwa na haraka ya kuondoka. Wakati huo nilidhani ni ujanja wa Kihindi. Sasa, nikiwa na miaka ninayokaribia kuificha, naujua ule mwendo: ni wa mtu ambaye nyumbani hakuna anayemngoja.

Kesho yake nilienda karakana kumuungia waya, kwa sababu soketi ya kamera haikulingana na adapta yangu. Aliniwekea kamera juu ya meza ya kazi, akanipa bisibisi, akaonyesha kwa kidole: “Nyuma fungua. Mbele hapana fungua. Mbele kiwanda imejaza gesi kavu, imefunga. Ukifungua, hewa ya Nakuru inaingia na maji yake. Sawa?” Nikasema sawa. Akatoka kununua maziwa ya chai.

Ningependa kuandika kwamba nilijitahidi kujizuia. Ukweli ni kwamba hakuwa amefika kona. Skrubu sita. Nilizihesabu nikizitoa, nikazihesabu tena zikiwa kwenye kifuniko cha soda. Ndani hakukuwa na sabuni wala jiwe. Kulikuwa na lile jicho jeusi, kipete cha mpira, na kikopo kidogo chenye punje za kukausha unyevu, za buluu, kama zile za kwenye boksi la viatu vipya. Niliridhika kwamba mzee hajaibiwa. Nikarudisha kila kitu, skrubu sita, nikafuta alama za vidole kwa kanga. Aliporudi na maziwa nilikuwa nimeshaungia waya wa nyuma kwa ustadi mkubwa.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, kwa sababu alinisikia nikihesabu skrubu za nyuma nikizirudisha, akapenda kwamba ninahesabu. Kila kamera ya aina ile, alinieleza, ina kasoro zake, vidoa ambavyo jicho linajiwazia hata pasipo mwanga. Kwa hiyo unapiga picha za giza. Unaifunika isione chochote, unaipoza kwa baridi ileile, unaiacha dakika zilezile, unapata picha ya kasoro peke yake. Halafu kompyuta inaziondoa kwenye picha ya nyota. Picha moja ya giza haitoshi, maana nayo inaweza kukosea. Zinatakiwa kumi na sita. Kwa kila baridi, kwa kila urefu wa muda. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu na kompyuta ilimchosha, basi nikifunga meza jioni nilipita kwake, nikaketi jikoni nyuma ya karakana, kamera imefunikwa juu ya meza ya plastiki, feni yake ikinguruma kama nyuki kwenye chupa, nami nikisubiri dakika tano, tano, tano.

Jikoni kule ndiko nilikokula mwaka ule. Alikuwa akipika dengu nzito na chapati nyembamba anazozivimbisha moja kwa moja juu ya moto wa gesi, na achari ya embe iliyonifanya nilie mara ya kwanza. Mimi nikileta githeri ya mahindi na maharagwe siku ya zamu yangu, anaitia pilipili bila kuomba ruhusa. Alikula akitazama namba ya baridi kwenye kompyuta, kama wanaume wengine wanavyotazama mpira. “Kumi na nne chini ya sufuri,” anasema. “Jikoni yangu, mahali ingine iko Siberia.” Kwenye meza za mtaani, Otis aliyeuza vifuniko vya simu kando yangu hakuchoka kunitania.

“Niaje, Njeri. Unaenda tena kwa Kalasinga kupiga picha ya giza?”

“Naenda.”

“Si ufunge macho tu? Mimi nikifunga napata hiyo hiyo, na sikulipishi.”

“Yako moja haitoshi, Otis. Nahitaji kumi na sita.”

Mwezi wa sita, baridi ya Nakuru ilipokuja na ukungu wa asubuhi, picha ziliingiwa na ugonjwa. Tukishusha jicho hadi kumi chini ya sufuri, katikati kulitokea doa lenye matawi, kama jani la karoti, likakua hadi likameza nyota zote. Mzee alilitazama kwa dakika moja tu. Mtu aliyetengeneza friji miaka hamsini haambiwi barafu ni nini. “Maji iko ndani,” akasema. “Lakini kiwanda imefunga. Maji imeingia wapi?” Mimi nilikuwa nikiosha vikombe. Niliviosha tena.

Alipata jibu lake mwenyewe, na likawa baya kuliko kweli. Mzee alikuwa amempa Balbir, yule mtoto wa ndugu yake mwenye duka la vipuri Nairobi, pesa ya kamera mpya iliyofungwa. Sasa ikawa wazi kwake kwamba Balbir alinunua mbovu, iliyokwisha kufunguliwa, na tofauti akaitia mfukoni. Nilimsikia kwenye simu kutoka jikoni. Sikuelewa Kipunjabi, lakini kati ya maneno yake lilirukaruka neno moja la Kiswahili: mwizi. Alilirudia mara tatu. Halafu simu ikawekwa chini bila kwaheri. Balbir alikuwa akija kila Jumapili ya mwisho wa mwezi na mboga na magazeti. Jumapili hiyo hakuja, wala iliyofuata. Binti alikuwa Uingereza, mke kaburini. Ukihesabu, na nilihesabu, katika nchi nzima mzee alikuwa amebaki na ndugu sufuri, na mimi.

Watu hunisikia nikibishana bei wakadhani sijui kuona haya. Mwaka ule niliona haya kila siku saa kumi na mbili unusu jioni, mlango wa karakana ukifunguliwa. Ningeweza kusema sentensi moja. Niliipima mara nyingi, ilikuwa na maneno matatu: mimi ndiye niliyefungua. Lakini nilijua bei yake: ningelipa kwa ile jikoni. Kwa hiyo niliifidia sentensi kwa kazi. Tulilazimika kupiga picha juu ya sufuri, kwenye digrii tano, ambako barafu haikutokea lakini vidoa vilijaa kama surua, na mimi nikapiga picha za giza hadi daftari likaisha. Kumi na sita. Thelathini na mbili. Sitini na nne. Mzee alinisifu. “Beta, hakuna mtu iko na roho kama yako,” alisema siku moja, akaniwekea chapati ya tatu. Niliimeza, na achari haikuwa na hatia ya machozi yale.

Kilichomwekea mzee muda ni tiketi. Binti yake alikuwa ameamua kwamba ifikapo Februari atahamia kwake, na kule, mzee alisema, kuna mawingu miezi kumi na mbili na ghorofa isiyo na paa la kukaliwa. Alitaka picha moja tu ya kwenda nayo, ya lile wingu lililo chini ya nyota tatu za kundi la Orioni, pamoja na vumbi lake la mbali ambalo halionekani mpaka jicho lipozwe sana. Orioni hupanda vizuri jioni za Desemba na Januari. Alihitaji kumi na tano chini ya sufuri. Sisi tulikuwa na tano juu.

Kisha ukaja uchaguzi, na machafuko yaliyofuata kila mtu wa Nakuru anayajua, sina haja ya kuyauza upya. Nitasema niliyoyahesabu. Ploti yetu ya Rhonda ilikuwa na milango kumi. Usiku mmoja niliona taa kwenye mitatu, usiku uliofuata kwenye mmoja, na mmoja huo ulikuwa wangu. Meza ya Otis ilikaa siku nne imefunikwa turubai, siku ya tano turubai halikuwepo, na Otis mwenyewe sijamwona tena mpaka leo. Niliokota kifuniko kimoja cha simu chini pale palipokuwa na meza yake, nikakaa nacho bila kujua nikiuze au nikitunze. Mzee alikuja mwenyewe kwa miguu kunichukua, amevaa kilemba chake cha Jumapili, akaniambia nilale stoo ya karakana. Nililala kati ya mitungi ya gesi na kompresa za friji, na usiku nilisikia mji mzima ukinyamaza. Viwanda vilizimwa, taa za barabarani zikazima, amri ya kutotoka nje ikaanza. Tulipokuwa tukifunga mlango wa ua tulitazama juu pamoja. Anga ilikuwa nyeusi kama alivyoitaka kwa miaka thelathini, na hakuna kati yetu aliyethubutu kusema ni nzuri.

Siku ya tatu ya amri ile, binti alipiga simu. Tiketi imewahishwa, ni Jumatano ijayo. Tatizo likawa barabara. Nani angemfikisha mzee wa miaka sitini na kitu Nairobi, na kilemba chake, katika siku zile? Nilimsikia akimwambia binti, kwa Kiswahili ili nami nisikie: “Hapana, Balbir hapana ita. Mimi hapana panda gari ya mwizi.” Akakaa mezani. Dengu zilikuwa zikichemka. Nilikuwa nikimenya kitunguu, na nikasikia mdomo wangu ukianza bila mimi.

“Mzee. Ile mbele.”

“Mbele nini?”

“Mbele ya kamera. Nilifungua. Ni mimi.”

Alizima gesi. “Lini?”

“Siku ya kwanza. Ulienda kununua maziwa.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ulisema nisifungue.”

Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alikaa akitazama mikono yake, mikono yenye makovu ya bomba za moto, kisha akasema polepole, “Miezi saba mimi naita mtoto ya ndugu yangu mwizi. Na wewe unakula hapa.” Akanyanyuka, akaingia chumbani. Dengu hazikuliwa. Nililala stoo na njaa ambayo niliona ni ya haki.

Asubuhi nilimkuta karakanani amewasha taa, amekunja mikono ya shati. Kamera ilikuwa imefunguliwa mbele, skrubu zimepangwa. Hakunisalimu. “Leta sufuria ya chuma,” akasema. Ndipo nilipoelewa, na sijui kama nilitaka kucheka au kulia. Kwa miezi saba fundi bora wa baridi katika bonde zima alikuwa amekaa na ugonjwa ambao aliweza kuutibu kwa nusu siku, na hakuugusa, kwa sababu aliheshimu kazi ya kiwanda. Hakufungua mbele kwa kuwa mbele hapafunguliwi. Ukimya wangu ndio uliomfunga mikono.

Punje za buluu zilikuwa zimegeuka waridi kwa kunywa maji. Tulizikaanga kwenye sufuria, moto mdogo, mimi nikikoroga na mwiko kama mtu anayekaanga njugu, mpaka buluu ikarudi. Mpira wa zamani ulikuwa umebonyea upande mmoja, pale nilipoukaza vibaya. Alikata mpya kutoka kwenye mpira wa kuzibia kompresa, akaupaka grisi. Halafu akaburura mtungi wa naitrojeni, ile gesi kavu aliyokuwa akisafishia mabomba ya friji, akapitisha mrija mwembamba, akaipuliza ndani ya chumba cha jicho taratibu, akisukuma nje hewa ya Nakuru na maji yake. Aliniachia skrubu. “Kaza kwa msalaba,” alisema, “moja hapa, moja upande ingine.” Ndiyo maneno yote niliyopata siku ile. Niliyachukua.

Usiku huo tulipanda juu ya paa, kamera ikitumia betri ya gari kwa kuwa stima ilikuwa imepotea. Namba ilishuka: tano, sufuri, tano chini, kumi chini. Kwenye kumi, pale barafu ilipozoea kutokea, sote wawili tuliinamia kioo. Kumi na tano. Hakuna jani la barafu. Picha ya kwanza ilipotokea kwenye kompyuta, wingu lilikuwa pale, limetandaza mbawa mbili, na nyuma yake vumbi jembamba kama moshi wa jiko la jirani, likiendelea hadi pembeni mwa kioo. Mzee alisogeza uso karibu sana, na mwanga wa kioo ukamwonyesha mvi zote. Kule chini, upande wa Kaptembwo, mbwa mmoja alibweka muda mrefu na hakujibiwa na mwingine. Tulipiga thelathini na sita za dakika tano. Nilizihesabu mara moja tu, yeye akahesabu mara ya pili, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuniambia neno langu halitoshi tena.

Kabla ya kushuka alisema, akifunga kamera kwenye taulo, “Kesho mimi napiga simu kwa Balbir. Mimi nasema samahani yangu. Yako wewe utasema mwenyewe.”

Balbir alifika Jumanne, vumbi hadi kwenye nyusi, baada ya kuzunguka vizuizi ambavyo hakutaka kuvisimulia. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Nilimkuta kwenye lango la ua kabla hajaingia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, ile siku ya maziwa, skrubu sita, miezi saba.

“Wewe ndio Njeri?”

“Ndiyo.”

“Na unaniambia leo, na ami yangu anasafiri kesho. Ungemnyamazia na yeye mpaka aondoke, nani angejua?”

“Hakuna.”

“Basi umefaidika nini?”

Nina majibu ya maswali ya aina hiyo. Ndiyo kazi yangu. Safari hii nilimfungulia lango tu. Alinitazama kama anavyotazama kipuri kilichorudishwa na mteja, akitafuta palipovunjika, kisha akanipita akaingia.

Nilikuwa nimechemsha chai mapema na kuandaa trei kwenye meza ya kazi, ile meza ya siku ya kwanza. Nilibaki nje ya mlango. Ndani waliongea Kipunjabi, mwanzoni mmoja mmoja na kwa mapengo marefu, halafu kwa kuingiliana, halafu mzee akasema kitu kifupi na Balbir akacheka. Mzee naye akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwa miezi yote ile kumi na moja, kikavu na cha juu, cha mtu mwenye umri mdogo kuliko wake. Nilijua walikuwa wakinicheka mimi, au kamera, au wao wenyewe, na kwamba lolote kati ya hayo halikunihitaji. Kwenye trei nilikuwa nimeweka vikombe vitatu. Niliingia taratibu, wakiwa wamenipa mgongo wakitazama wingu kwenye kompyuta, nikachukua kimoja, nikatoka nacho.